Toa Mafundo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza rasmi, na zulia la ofisi limeanza kunuka. Kila mwaka Mjomba huahidi kuling'oa, na kila mwaka masika humkuta bado anaahidi. Leo nimefika viatu vimeloa chepechepe, nikavivua, nikakanyaga kwa soksi kitu laini chini ya meza. Lilikuwa ganda la ndizi la Plasta. Naandika ganda kwa heshima tu, maana nusu ya ndizi yenyewe ilikuwamo.

Plasta ndiye mchoraji mwenzangu, tuko wawili tu. Jina alilipata kwa sababu kila penye hitilafu yeye hubandika kitu juu yake, halafu anatangaza kwamba imepona. Hula njugu juu ya kibodi na akipiga chafya haangalii nani yuko mbele. Mwenye ofisi ni Mjomba, mdogo wake Mama, msanifu wa meli. Yeye ni msafi mpaka raha. Leso imekunjwa vizuri mfukoni, kucha nyeupe, sauti haipandi hata akikasirika. Alinisomesha tangu Baba alipofariki, na nikimwona ameketi katikati ya uchafu huu huwa namwonea huruma.

Tumepata kazi kubwa. Feri inayovusha watu kwenda ng'ambo inataka kuongezewa ghorofa ya abiria. Umbo la feri limehifadhiwa kwenye programu ya zamani ya kiwanda kilichoijenga. Sisi tunalihamishia kwenye programu yetu, kisha tunapiga hesabu kuona kama itasimama wima ikibeba watu mia mbili juu ya wale inaowabeba sasa. Mama huvuka nayo kila Alhamisi kwenda kumwogesha dada yake aliyepooza. Nilipompa habari za ghorofa alifurahi kana kwamba ni yeye anayeijenga.

Jumanne, 4 Machi

Tumefungua faili, feri ikatokea ndogo kuliko kiberiti. Programu yao inasema mita, yetu inasikia milimita. Plasta kacheka hadi njugu ikamtoka puani. Sikula mchana.

Jumatano, 5 Machi

Feri imekua, lakini ni nusu. Wale wa zamani walihifadhi ubavu mmoja tu, wa pili ujaze mwenyewe. Plasta kageuza ubavu wa kushoto akaubandika kulia. Kweli jina humfuata mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Mjomba kampigia simu mchoraji wa kiwandani, mzee wa watu anayeijua ile programu yao. Simu iliwekwa mezani kwa sauti ya juu, nasi watatu tukaiinamia, maana mvua juu ya mabati ilikuwa haisikilizani na mtu. Mengi yalipotea. Hili nililisikia sawasawa:

"Mkihamisha, toeni mafundo yote! Msiache hata moja, umbo litaharibika!"

"Tumekuelewa," akasema Mjomba.

Fundo ni pale ubavu wa meli unapokunjika ghafla kukutana na tumbo lake. Kwenye data kila nukta ina namba tatu: iko mbali kiasi gani kutoka nyuma ya meli, imetoka nje kiasi gani, iko juu kiasi gani. Penye mkunjo mkali panawekwa pia alama. Mstari ukifika kwenye alama hiyo unajua hapa ni kona, ukate. Bila alama unajipindia polepole tu kama mlevi anayetafuta mlango. Nilishangaa kidogo kwamba mzee anatupigia kelele juu ya jambo la wazi namna hiyo. Sehemu hiyo kapewa Plasta.

Jumatatu, 10 Machi

Dari linavuja. Ndoo mbili sasa. Plasta kakata kucha za miguu ofisini. Za miguu!

Jumatano, 12 Machi

Feri imekamilika, na ni nzuri jamani. Imelala kwenye kioo cha kompyuta, laini, haina kona wala kwaruzo. Mjomba alisimama nyuma ya kiti changu, akaizungusha huku na huku kwa kipanya.

"Hii ni feri au ni yai?" akasema, akacheka kidogo.

Tukapiga hesabu. Ghorofa imejaa, abiria wote wamesogea upande mmoja kama sheria inavyotaka tujaribu, na bado inasimama. Inapita na chenji inabaki. Mjomba alimpigia tajiri mwenye feri, akaagiza soda. Hata Plasta leo nilimvumilia, ingawa alifungua chupa yangu kwa meno.

Alhamisi, 13 Machi

Mama karudi kaloa. Anasema mvua ilipiga kutoka kushoto, abiria wote wakakimbilia kulia, feri ikainama hadi kikapu cha mtu kikateleza mpaka kwenye reli. Watu walicheka. Na yeye anacheka akinisimulia, huku anakamua upindo wa kanga. Mimi sikucheka sana, sijui kwa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Nina hasira, lakini nitaandika kwa utaratibu.

Ile feri kuwa yai ilinikaa kichwani. Asubuhi nilichukua uzito wa feri kama ulivyopimwa siku ilipoingizwa majini, nikaulinganisha na uzito ambao meli yetu ya kwenye kompyuta ingeubeba kwa kina kile kile cha maji. Yetu inabeba zaidi. Yaani imenenepa. Kisha nikatazama picha za feri ikiwa imepandishwa nchi kavu kusafishwa. Kuna kona kali ubavuni, kuanzia mbele hadi nyuma, kali ya kukata mkate. Kwenye kompyuta hakuna kona, kuna shavu. Mistari ilipokosa kona ilijitanua nje, na pale ilipotanuka ndipo penye usawa wa maji. Kila mtoto wa kazi hii anajua: meli ikipanuka kidogo tu kwenye usawa wa maji, hesabu ya kusimama wima inapanda mno. Kwa hiyo ile chenji tuliyoinywea soda ilikuwa ya mashavu ya uongo.

Nikamgeukia Plasta. Alikuwa anatafuna.

"Mafundo yako wapi?"

"Nimetoa."

"Najua. Umeyatoa ukayaweka wapi?"

"Kuweka tena? Dada, mzee si alisema toeni mafundo yote? Nimetoa yote. Nilitafuta moja moja, nikafuta. Hata moja halijabaki, niulize nilivyoumia macho."

Nikampigia mzee wa kiwandani.

"Mzee, shikamoo. Ulituambia tutoe mafundo."

"Marahaba. Naam, mmetoa?"

"Yametolewa yote."

"Vizuri. Sasa tatizo nini?"

"Yametolewa, hayapo."

"Hayapo wapi?"

"Kwenye meli."

Hapo nikasogeza simu mbali na sikio. "Wewe binti! Nilisema yatoeni, yaje huko kwenu! Programu yetu huyaficha mpaka uyaamuru yatoke! Nani kawaambia muyang'oe?"

Basi ndiyo hivyo. Neno moja. Mimi nilisikia tuyalete, Plasta kasikia ayatupe, na kila mmoja alikuwa na hakika hata hakuuliza. Nilimtazama Plasta nikitegemea atabandika kitu, aseme si kitu, tutaziba. Alikuwa ameacha kutafuna. Njugu zilikuwa bado mdomoni na mdomo umebaki wazi, sura ya kutia kinyaa kabisa.

"Mke wangu anauza maji kwenye ile feri," akasema. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza mkewe anafanya nini.

Jumatano, 19 Machi

Tunarudisha mafundo. Plasta ananisomea namba kutoka faili la zamani, mimi ninatia. Hajaleta njugu.

Alhamisi, 20 Machi

Tunarudisha mafundo. Kaleta njugu.

Ijumaa, 21 Machi

Feri ya kweli si nzuri. Ina pembe, ni nyembamba pale ilipo nyembamba. Tukaipandishia ghorofa, tukawasogeza abiria upande mmoja. Haipiti. Si kwamba imekosa kidogo, ukipunguza viti viwili itapita. Inalala na hairudi. Bila ghorofa, kama ilivyo leo, iko salama hata watu wakikimbizana. Ni ile ghorofa tu.

Mjomba yuko safarini hadi Jumatatu. Namhurumia. Soda imenyweka, tajiri ameahidiwa, na mimi ndiye nitakayempa habari. Lakini yeye ni mtu wa kazi, atakunja leso yake, atasema tuanze upya.

Jumatatu, 24 Machi

Sina hakika nitaweza kuandika haya bila kutukana.

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, macho kwenye meza, anafuta vidole kimoja kimoja kwa leso kama daktari aliyemaliza kumpima mtu. Nilipomaliza akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mpwa wangu, yule mzee alisema nini kwenye simu?"

"Alisema toeni mafundo."

"Ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia, Mjomba, lakini..."

"Na Plasta akafanya nini?"

"Akatoa."

"Sasa kosa letu liko wapi? Tumeambiwa tutoe, tumetoa. Hata ukilipeleka mahakamani, Kiswahili hakina kosa."

Nilidhani ananitania. Nikacheka hata. Yeye hakucheka.

"Mjomba, leo tunajua alichokusudia."

"Wewe ndiye unajua. Mimi nilichosikia ni toeni."

Aliliona neno lile kama mtu anavyoona kibanda wakati wa mvua, akaingia ndani, akakaa. Nikamwambia meli ile haipo duniani, hakuna feri yenye umbo lile popote. Nikamkumbusha yeye mwenyewe alisema ni yai. Hapo ndipo aliponitazama, tena kwa upole, kama alivyokuwa akinitazama nilipoleta matokeo mabaya shuleni.

"Mimi nimechora meli tangu wewe hujazaliwa. Unadhani sijui yai na feri?"

Kwa hiyo alijua. Tangu siku ile ya soda alijua. Hakuuliza mafundo yako wapi kwa sababu hakutaka kuyaona.

Akaendelea kwa sauti ile ile safi. Tajiri ameshaagiza chuma. Sisi tukikataa atakwenda ofisi nyingine, na huko watampa yai kubwa zaidi. Abiria mia mbili hawawezi wote kukimbilia upande mmoja, hizo ni hofu za vitabuni. Nikamwambia mvua ikipiga wanakimbia, Mama kanisimulia.

"Dada hupenda kutia chumvi," akasema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Hilo umbo la mafundo lifuteni."

Akafungua mlango mwenyewe ili nitoke. Leso akaikunja, akairudisha mfukoni.

Jumanne, 25 Machi

Mjomba kamwita Plasta, wakakaa mlango umefungwa. Plasta katoka, kaketi, kasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Nimefuta." Kisha akaniegemea, pumzi yote njugu:

"Nimesema nimefuta. Sijasema nimefuta nini."

Kumbe alifuta kioo cha kompyuta, kwa mkono wa shati. Mtu mchafu huyu, nilitamani kumkumbatia. Sikumkumbatia, kuna mipaka.

Alhamisi, 27 Machi

Mjomba kanipitishia chai mezani kwa mkono wake, kucha zile nyeupe zimeshika kikombe. Nimeimwaga kwenye ndoo ya dari.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia Mama. Nilichagua Jumapili akiwa ametulia, anachambua mchele. Nilieleza bila nukta wala namba: ghorofa ikijengwa, na watu wakakimbilia upande mmoja kama siku ile, feri haitarudi.

Akaniuliza Mjomba anasemaje. Nikamwambia.

"Basi kama mwenye elimu yake amesema."

"Mama, na mimi nina elimu."

"Aliyekupa ni nani?"

Akasema mchuma janga hula na wa kwao, nisije nikachuma, yeye hana meno ya kulila. Akasema ndugu yake alisimama mlangoni siku ya msiba wa Baba wakati wengine wanaulizana nani atabeba watoto. Yote ni kweli. Ndiyo maana nimekasirika. Ningekuwa na mjomba mbaya tangu mwanzo ningelala vizuri. Nilimtazama Mama akiokota vijiwe kutoka kwenye mchele, anavitupa kwa uangalifu asije mtu akaumia jino, nikaona kinyaa hata kwake, Mungu anisamehe.

Jumatano, 2 Aprili

Mkaguzi wa vyombo vya majini anakuja Ijumaa kukagua hesabu za ghorofa. Katuma neno kwamba anataka kuzungumza na aliyehamisha umbo la feri, si mwenye ofisi. Plasta kaniambia yeye atasema kweli akiulizwa, ila anaomba asiulizwe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mjomba kaja nyumbani leo jioni. Hajaja tangu mwaka jana. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka ng'ambo, amechoka, magoti yamevimba, lakini alipomwona mdogo wake mlangoni alipata nguvu za kukaanga samaki. Mjomba alinawa mikono muda mrefu kwenye sinki letu. Nilisikia sabuni ikizunguka na kuzunguka.

Tukaketi. Akausifu wali, akausifu samaki, akamuuliza Mama hali ya dada yao kule. Kisha akanigeukia.

"Mpwa wangu, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Kesho mgeni akikuuliza, mwambie umbo mlihamisha kama mlivyoelekezwa. Basi. Huo si uongo."

"Si uongo," Mama akasema haraka. "Sema tu, mwanangu. Neno moja haliui mtu."

Nilitaka kuwajibu kwa namba. Nilikuwa nazo zote kichwani. Lakini nilimwona Mama anavyotuangalia kwa zamu, anaomba tusigombane mbele ya chakula chake, na namba zikanikauka. Nikauliza kitu kingine kabisa, hata sikukipanga.

"Mjomba, ghorofa imeshajengwa. Imejaa. Mvua imepiga, watu wamekimbilia upande mmoja. Ungekubali dada yako awe amekaa kule juu?"

Hakuacha kutafuna.

"Dada hakai juu," akasema. "Magoti yake hayapandi ngazi. Hilo nilishalifikiria."

Alilisema kwa wema. Alitaka kututuliza. Akachukua kipande kingine cha samaki, akatoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani vizuri. Mama alikuwa ameshika kijiko cha wali hewani.

"Ulishalifikiria?"

"Ndiyo, Dada. Wewe utakuwa chini, karibu na mlango. Usiwe na wasiwasi."

"Ulilifikiria lini?"

"Lini nini?"

"Nakuuliza, mdogo wangu. Ulikaa lini ukanifikiria mimi nitakuwa nimekaa wapi?"

Mjomba alitoa leso mfukoni. Mama akaweka kijiko. Akainuka kwa kushika meza, kwa magoti yale yale, akazunguka hadi alipokaa ndugu yake, akaichukua sahani mbele yake na samaki nusu bado yumo.

"Nenda ukale kwako," akasema.

Mjomba kaondoka bila kunawa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkaguzi ni mwanamke mfupi, ana mafua, ana haraka. Aliniuliza kama umbo hili nilihamisha mimi. Nikamwambia tulihamisha wawili, na yako maumbo mawili, aketi ayaone yote. Plasta alifungua lile la mafundo kabla sijamwomba, akafuta maganda kwenye kiti ili mgeni akae. Mjomba alisimama dirishani. Alisema mara moja tu kwamba tuliambiwa tutoe. Mkaguzi akapenga kamasi, akamuuliza, "Na wewe ulielewa nini?" Mjomba akageukia mvua nje.

Ghorofa imekataliwa. Mjomba katuambia mimi na Plasta tusirudi tena kazini. Plasta alibeba vitu vyake ndani ya ile ndoo ya dari.

Nilimkuta Mama anasugua sufuria ya jana. Nilimweleza, hakuuliza habari za kazi. Alisugua kwanza, kisha akauliza kule juu wangekaa watu wangapi.

"Mia mbili, Mama."

"Na yeye akanihesabu mimi tu," akasema, akaongeza maji.